Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kuandaa Shahada ya Kwanza ya Usimamizi wa Maafa

Ndugu Wanachama,

Mkutano Mkuu uliopita uliitwisha Kamati Tendaji kazi moja kubwa, nayo ni kuandaa rasimu ya mtaala wa shahada ya kwanza ya usimamizi wa maafa ambayo chuo kikuu chochote nchini kitaweza kuipeleka kwenye seneti yake na hatimaye kwenye Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania bila kulazimika kuanza upya. Taarifa hii inahusu kazi hiyo. Masuala ya ada, hesabu na ukaguzi yatasemwa na Mweka Hazina kwenye ajenda yake, na sioni sababu ya kumtangulia.

Nianze na hali ilivyo. Chuo Kikuu Ardhi kinatoa shahada ya uzamili inayohusu kupunguza hatari za maafa. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimekuwa kikifunza madaktari bingwa wa tiba ya dharura tangu 2010, na ng'ambo ya mpaka, mjini Kakamega nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro kinafundisha usimamizi wa maafa kuanzia shahada ya kwanza. Hatuanzi porini, basi. Lakini shahada ya uzamili humpata mtu ambaye tayari ni mhandisi, mpimaji au afisa mipango, akarudi kazini kwake na cheo kilekile, ilhali Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa, na kamati hizo zote zinahitaji mtu wa kuziandalia ajenda, ramani, mpango na kumbukumbu. Mtu huyo katika halmashauri nyingi ni mtumishi wa idara nyingine aliyeongezewa jukumu. Tumekutana na waratibu wa maafa ambao kwa barua zao za ajira ni maafisa mifugo, maafisa kilimo na hata mtunza ghala mmoja, na wengi wao wanajituma kuliko walivyofundishwa.

Naomba niwaeleze jambo nililoliona mwenyewe. Katika ziara ya kukusanya maoni nilikaribishwa kwenye ofisi ya halmashauri moja, nikaomba kuona mpango wao wa kujiandaa na kukabiliana na maafa. Faili lililetwa, safi, lenye mihuri yote inayostahili. Ukurasa wa 11 ulieleza jinsi boti za uokoaji zitakavyotoka gatini. Wilaya ile haina ziwa, haina bahari, na mto wake mkubwa hukauka kuanzia Julai. Mratibu alicheka kwa aibu, akasema mpango ulinakiliwa kutoka wilaya nyingine kwa sababu ulidaiwa ndani ya siku 3. Sikumlaumu, wala siitaji wilaya yake hapa, kwa kuwa naamini angepatikana mwenzake kwingineko. Faili lile ndilo lililonishawishi kwamba shahada tunayoitaka lazima imfundishe kijana, kabla ya jambo lingine lolote, kuijua sehemu moja ya nchi kwa miguu yake na kuiandikia mpango unaofanana nayo.

Mjadala uliokula vikao vingi kuliko vyote ulihusu mahali pa kuiweka shahada hiyo ndani ya chuo. Wanajiografia walitaka iwe kwao, kwa hoja kwamba mafuriko, ukame, tetemeko na maporomoko ni mambo ya ardhi na hali ya hewa. Wenzetu wa afya walikumbusha kwamba mkoa wa Kagera peke yake umeshuhudia tetemeko la 2016, ajali ya ndege ya 2022 na ugonjwa wa Marburg mwaka 2023 na tena 2025, wakasema anayeyaona maafa kwa jicho la ramani peke yake atamwacha mgonjwa nje ya ramani. Wahandisi nao walisimama na jengo la Kariakoo lililoporomoka tarehe 16 Novemba 2024. Kila upande ulikuwa na hoja, na kila upande ulikuwa pia unapigania wanafunzi na bajeti, jambo ambalo halikusemwa wazi lakini lilikuwa mezani muda wote.

Maoni yangu, ambayo Kamati iliyakubali kwa wingi wa kura na si kwa kauli moja, ni kwamba msingi wa taaluma hii ni utawala na uratibu. Jiolojia na epidemiolojia, yaani elimu ya namna magonjwa yanavyoenea, zifundishwe kwa kiwango cha kumwezesha mhitimu kumwelewa mtaalamu na kumuuliza swali sahihi. Mratibu wa maafa hachimbi kifusi wala hatibu. Kazi yake ni kuhakikisha mchimbaji ana taa, daktari ana orodha ya majina, na Mkuu wa Wilaya ana taarifa inayotofautiana na ya jana. Tulijifunza kitu pia kutoka Marekani, ambako Chuo Kikuu cha North Texas kilianzisha shahada ya kwanza ya fani hii mwaka 1983, ndani ya idara ya utawala wa umma, na ambako mwaka 1994 shirika la serikali kuu la maafa, FEMA, lilianzisha mradi maalumu wa kuhimiza vyuo kufungua programu kama hizo katika kila jimbo. Vyuo viliitika. Hata hivyo, misingi 8 ya taaluma yao iliandikwa na kukubaliwa mwaka 2007, wakati wahitimu wa miaka mingi walikuwa wamekwisha kuingia kazini. Sisi tunayo nafasi ya kukubaliana kwanza na kufundisha baadaye, ingawa wapo wanachama wanaoona tunakubaliana polepole mno. Jambo ambalo hatukulichukua kutoka huko ni umbo la ajira: kwao serikali ya eneo huwa na ofisa wake wa dharura anayejulikana kwa cheo hicho, wakati kwetu madaraka yako kwa Mkuu wa Wilaya na fedha ziko kwa Mkurugenzi, na mhitimu asiyefundishwa kufanya kazi katikati ya ofisi hizo mbili hatamaliza mwaka.

Kwa mujibu wa viwango vya Tume, shahada ya miaka 3 haipungui krediti 360, na kila krediti ni saa 10 za kujifunza, yaani saa 3,600 kwa jumla. Rasimu inapendekeza kwamba robo ya saa hizo zitumike nje ya ukumbi wa mihadhara. Ili kupima kama pendekezo hilo lina mashiko, tuliendesha kozi fupi ya majaribio wakati wa likizo, katika shule iliyotuazima madarasa na uwanja wake, tukiwa na washiriki wachache kutoka vyuo tofauti. Siku ya kwanza mkufunzi hakusema lolote kuhusu nadharia. Aligawa chaki, akawaambia wachore sakafuni eneo la mita 3.5 za mraba, ambalo ndilo viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu vinalitaja kuwa nafasi ya chini ya kulala kwa mtu mmoja chini ya paa. Kisha akawaambia waendelee kuchora mpaka darasa lijae. Darasa lilikuwa na mita 8 kwa 7. Chaki ilikoma kwenye mtu wa 16.

Ilikuwa kimya kidogo. Mshiriki mmoja, aliyewahi kujitolea na Msalaba Mwekundu, alisema kwamba katika mafuriko aliyoyashuhudia darasa la ukubwa ule liliandikiwa watu 60 na hakuna aliyeuliza. Walipotoka uwanjani wakapima kiwanja cha mpira chenye mita 105 kwa 68, wakagawanya kwa mita 45 za mraba ambazo kambi inahitaji kwa kila mtu pamoja na njia, vyoo, majiko na nafasi ya kuzuia moto, walipata watu 158. Kwa lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, hao 158 wanahitaji lita 2,370, yaani karibu madumu 119 ya lita 20, kila siku, na swali lililofuata likatoka kwa washiriki wenyewe: madumu hayo yatajazwa wapi, na nani atayabeba? Nimehudhuria semina nyingi za hoteli katika fani hii, na sikumbuki hata moja iliyonifunza kwa asubuhi moja kiasi kile.

Somo jingine tuliloliwekea uzito, na ambalo baadhi ya wanachama wamelilalamikia kuwa dogo mno kwa chuo kikuu, ni kuhesabu na kuandika watu. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliofariki ni 228. Hapakuwa na orodha ambayo mtu angeweza kuishika mkononi na kusema waliopanda ni hawa, waliookolewa ni hawa, bado tunawatafuta hawa, na kwa siku kadhaa ndugu waliokuwa wamesimama ufukweni ndio waliokuwa daftari. Namna ya kupokea jina la aliyepotea kutoka kwa mama anayelia, kulilinganisha na jina la utani lililoandikwa hospitalini, kuutunza mwili usiotambuliwa kwa heshima na kwa namba isiyobadilika, na kumweleza ndugu ukweli bila kumpa tumaini la uongo: hilo ni somo la muhula mzima, na rasimu imelipa krediti zake kamili.

Vivyo hivyo kwa watu wanaofika kwanza. Ndege ilipoangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43, wavuvi wenye mitumbwi walikuwa miongoni mwa waliowahi mlangoni, na watu 24 walitoka hai. Mpango unaoandikwa kana kwamba wananchi ni watazamaji wa kusogezwa nyuma ya kamba ni mpango wa nchi nyingine. Kwa hiyo kila mwanafunzi atatumia wiki 6 akiwa na kamati ya kata au shehia, akichora pamoja nao ramani ya hatari na ya uwezo: nani ana mtumbwi, nani ana trekta, mzee gani anakumbuka mto ulipopita zamani.

Kuhusu lugha, hatukuwa na mamlaka ya kubadili lugha ya kufundishia vyuoni, lakini tuliweka sharti moja. Mtihani wa mawasiliano ya dharura utafanywa kwa Kiswahili, kwa kuwa onyo halitolewi kwa Kiingereza. Mwanafunzi atapewa taarifa ya kitaalamu ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, na atatakiwa kuiandika upya kwa ajili ya redio ya jamii na kipaza sauti cha msikiti au kanisa, akizingatia tofauti ya ngazi tatu za onyo: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Sisi wenyewe tulibishana karibu saa 2 juu ya janga na maafa. Tuliafikiana kwamba ndani ya rasimu janga ni tukio lenyewe linaloweza kudhuru, kama mvua kubwa, na maafa ni madhara yanayoizidi jamii uwezo, kwani mvua ileile ikinyesha mahali pasipo na nyumba bondeni haizai maafa. Wenzetu wa Kenya hutumia maneno hayo kwa namna yao na hatudai wamekosea.

Sasa niseme yaliyokwama. Suala la walimu halijapata jibu la kuridhisha: mzimamoto wa miaka 25 anayejua moshi unavyotembea kwenye ngazi za ghorofa hana shahada ya uzamili, na kwa vigezo vilivyopo hawezi kuwa mhadhiri. Tumependekeza kila somo la vitendo liwe na mhadhiri mwenye sifa pamoja na mkufunzi mwenye uzoefu, wakifundisha na kusahihisha pamoja, lakini malipo ya huyo wa pili hatujayapatia fungu. Zoezi la pamoja la mafuriko tulilolipanga mwezi Aprili halikufanyika, kwa sababu barabara ya kwenda eneo la zoezi ilikatwa na mafuriko. Waliocheka kwenye kikao wana haki yao.

Lililokwama zaidi ni ajira. Tuliiandikia ofisi husika mara mbili kuomba kada ya maofisa usimamizi wa maafa itambuliwe katika miundo ya utumishi, tukaambatisha maelezo ya kazi kuanzia ngazi ya halmashauri, na mpaka naandika taarifa hii hatujapata jibu la maandishi. Bila kada hakuna ikama, yaani idadi ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, na bila ikama mhitimu wetu ataomba nafasi ya afisa mipango akashindanishwa na waliosomea mipango. Siko tayari kuwashauri wazazi wauze mazao kumsomesha kijana shahada ambayo haina jina kwenye tangazo la kazi. Kwa sababu hiyo nimeomba Kamati iweke kwenye ajenda namba 6 mapendekezo mawili ili mchague: kuendelea na shahada na kuipeleka chuoni mwaka huu kama ilivyo, au kuanza na stashahada ya uzamili ya mwaka mmoja kwa waratibu walioko kazini tayari, huku tukifuatilia kada, na kuifungua shahada itakapokuwa na mahali pa kupokewa. Mimi nitapigia kura pendekezo la pili, na Katibu, ambaye ameibeba rasimu hii kuliko mtu yeyote, atapigia la kwanza na atatoa hoja zake mwenyewe.

Nakala za rasimu ziko kwa Katibu, pamoja na fomu ya maoni. Wanachama wa Zanzibar wanaombwa kuisoma kwa makini zaidi sehemu ya sheria na taasisi, kwa kuwa imeandikwa kwa mtazamo wa Bara na inahitaji mkono wa anayeijua kazi ya Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa. Maoni yatapokelewa hadi siku 7 kabla ya mkutano.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti