Mheshimiwa Waziri wa mipango miji, lifungueni daftari la wakaazi la sheha

Assalamu alaykum Mheshimiwa,

Mie nakaa Fuoni, huku Magharibi B Unguja, mwaka wa 15 huu, nilipohamia kulikuwa na nyumba sita na konde la muhogo, bomba likaja la nyumba sita na wallahi ndo hilo hilo mpaka leo, sasa nikisimama barazani nahesabu mabati thelathini na kitu na kila nyumba ina fundi anaongeza chumba uani. Maji yanakuja saa nane za usiku, ukilala umekosa.

Sensa imeshasema. Mkoa wetu wa Mjini Magharibi 2012 tulikuwa watu 593,678, 2022 tukafika 893,169, karibu laki tatu wameongezeka kwa miaka kumi tu. Lakini ukitazama ndani utaona Wilaya ya Mjini yenyewe imepungua kidogo, watu wote wamemwagikia huku Magharibi A na B. Sie tuliwaona wakija, nyumba ya urithi Ng'ambo kule mjini imeuzwa, ndugu kila mmoja kashika fungu lake kaja kutafuta kiwanja, mwengine kashuka na boti ya Pemba na godoro lake. (Wapo na walioamua kujenga juu ya mtaro, hao nawaachia nyie.)

Sasa tukisubiri sensa nyengine, kwa ongezeko la asilimia 3.7 kwa mwaka kwa Zanzibar nzima, skuli iliyopangwa kwa hesabu ya 2022 siku inafunguliwa ishajaa, watoto wanarudi mikondo miwili.

Na hesabu za kati ya sensa na sensa mnazo. Mwezi uliopita nimeenda kwa sheha, mkuu wa shehia yetu, kuchukua barua nikaliona daftari, kaunta buku jalada limeshikwa na selotepu, mgeni katoka shehia gani, kaja na watu wangapi, tarehe. Nikamuuliza, hili linakwenda wapi? Akacheka, "Kabatini."

Najua lina mashimo, wapangaji wengi hawajiandikishi na anaehama hafutwi. Basi liwekeni pamoja na vizazi na vifo, watoto wa darasa la kwanza, na mita mpya za umeme, hasa umeme, maana mtu anaweza kumkwepa sheha lakini kizani hakai. Kila miezi sita toeni hesabu, shehia kwa shehia, na mhandisi wa maji aione kabla hajanunua bomba.

Huyo wa Fuoni akija mwambieni apite njia ya juu, ya chini ilokuwa kwenye ramani ishakuwa ukumbi wa mtu.