Barua ya Wazi kwa Waziri Mwenye Dhamana ya Watoto: Chakula Kikiletwa, Televisheni Izimwe

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizoleta ofisini kwako hazikujibiwa.

Wiki iliyopita niliwahi kumchukua mwanangu kituo cha kulelea watoto. Nilikuta watoto wamepangwa mbele ya televisheni, macho hayabanduki kwenye katuni, dada mmoja akiwalisha kwa zamu. Wangu alikuwa na tonge shavuni, hatafuni wala hamezi, mpaka dada alipomgusa kidevu ndipo akakumbuka kumeza.

Nyumbani sasa mwanangu hali chakula bila katuni. Nikizima, anasukuma sahani na kulia mpaka anatapika. Kila jioni ni vita, Mheshimiwa, na nimechoka.

Mtoto hujifunza kula kwa kukiona chakula, kukinusa, kukishika, na kumtazama anayekula naye. Akili ikiwa kwenye kioo, shibe haisikii. Mmoja atapitiliza kwa kuwa mkono unakwenda wenyewe, mwingine chakula kitapoa mdomoni. Halafu katikati ya katuni linapita tangazo la soda na peremende, naye ndiyo kwanza anajifunza nini cha kupenda.

Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa mwaka 1 kurudi chini asikalishwe mbele ya televisheni kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Katika chumba kile wapo ambao hata hawajatembea vizuri.

Wewe mwenyewe ulituahidi wazazi kwamba kanuni za vituo zitatoka "hivi karibuni". Ulipotamka hivyo mwanangu alikuwa anatambaa. Leo anakimbia, na kanuni hatujaziona.

Siwalaumu akina dada. Nadhani ni wachache mno, ndiyo maana televisheni imefanywa mlezi wa ziada. Waongezeni, tafadhali. Nikiambiwa hilo lina bajeti yake nitaelewa, lakini kuzima televisheni kuna bajeti gani? Ni waraka tu, tena wa sentensi moja: chakula kikiletwa, televisheni izimwe. Mengine yanaweza kusubiri kanuni zako. Hili naomba litoke mwezi huu, Mheshimiwa. Izimwe watoto wanapokula.

Nasubiri jibu lako, safari hii kwa maandishi.

Wako mtiifu,
Mzazi