Kabla ya kupanda meli: pimeni asidi ya yuriki

Ndugu mabaharia, salaam. Mnaokwenda kupima afya kwa ajili ya cheti, ombeni pia kipimo cha damu cha asidi ya yuriki, yaani taka ya mwili ambayo figo huitoa kwa mkojo. Mara nyingi hakimo kwenye orodha. Ikizidi takriban miligramu 6.8 kwa desilita, chembechembe zake huweza kuganda kwenye maungio. Hilo ndilo jongo, ugonjwa wa maumivu makali ya maungio. Likikukamata kidole gumba cha mguu usiku katikati ya bahari, daktari hayupo. Tena jongo huandamana na presha, kisukari na maradhi ya figo. Punguzeni maini, dagaa, bia na soda. Wa chumba cha injini, kunyweni maji zaidi, jasho lenu ni jingi. Na diklofenaki, dawa za maumivu, za kumeza kila siku bila daktari, nawasihi ziacheni, zinaumiza figo. Mwenye majibu aniandikie pembeni.