Somo, nijibu kabla ya kesho saa nane

Tanga, Jumapili, usiku wa manane

Somo yangu,

Asalaam aleikum. Wanao hawajambo? Joto la Maskati limepungua? Mimi naendelea hivyo hivyo. Najua nimekaa kimya tangu Mfunguo Mosi na una haki ya kuninunia, lakini ninunie wiki ijayo. Leo nina shida.

Baba mdogo yuko ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Moyo ulisimama Ijumaa, hapa hapa hospitalini kazini kwangu, kwenye foleni ya dirisha la kulipia. Kifua kilikuwa kinambana tangu asubuhi, akasema ni gesi (unamjua), saa kumi jioni akaja peke yake na bajaji. Alipoanguka watu wakadhani kazirai kwa jua. Yupo aliyemmwagia maji, yupo aliyemvua kofia akampepea nayo. Nani alianza kumbonyeza kifua, na baada ya dakika ngapi, kila mtu ana yake: mlinzi anasema mbili, yule mama aliyekuwa nyuma yake anasema kama kumi. Hapo ndipo roho inaniuma, maana ubongo ukikosa damu dakika nne, tano tu, unaanza kuharibika. Walimpiga shoti ya umeme kifuani mara mbili, moyo ukarudi saa kumi na moja. Tangu hapo hajafumbua macho.

Sasa sikia. Jana asubuhi yule daktari wetu kijana, mpole, anayekula wali kwa kijiko cha chai, alikuja wodini kwetu, kwa wazazi, kuazima mashine ya ultrasaundi. Nikadhani kuna mjamzito huko ICU. Kumbe anakwenda kumpima Baba mdogo macho! Na la kushoto ni lile alilotolewa mtoto wa jicho mwaka juzi. Nikajisemea, mashine yetu imezoea watoto, hata huko inamfuata mtoto. Nikacheka peke yangu koridoni, halafu nikalia.

Nilimfuata. Alimfunika kope, akamwaga jeli nyingi, akaiweka juu yake ile probu bapa ya kutazamia mishipa, mkono mwepesi, bila kukandamiza. Jicho likatokea duara jeusi, na nyuma yake mkia unaoshuka: neva ya jicho ndani ya ala yake. Akanieleza kwamba ala ile imetokana na utando ule ule unaofunika ubongo, na maji yaliyomo ndani ni yale yale ya ubongo. Ubongo ukivimba, presha ikapanda ndani ya fuvu, maji yanasukumwa mpaka nyuma ya jicho, ala inatanuka. Unashuka milimita 3 kutoka nyuma ya jicho, unapima upana. Kulia 5.8. Kushoto 6.1. Mtu asiye na tatizo, anasema, huwa kwenye 5 au chini ya hapo.

Angeishia hapo. Lakini Kaka Mkubwa alikuwa mlangoni, akauliza, "Kwa hiyo?" Kijana wa watu akajibu, "Si dalili nzuri." Somo, hayo maneno matatu yalifika nyumbani Makorora kabla yangu. Jioni nakuta jamvi limeshatandikwa! Kaka Mkubwa anataka atolewe kwenye mashine ya kupumulia, arudishwe nyumbani akafie kwake, kwani kila siku ya ICU ni hela. Shangazi hataki hata kusikia. Na wote wananigeukia mimi: "Wewe si nesi?" Nesi wa wazazi!

Ila kuhusu ultrasaundi kuna jambo nalijua. Nimewahi kumpima mtoto fupa la paja mara mbili, mama yule yule, katikati nimekwenda kunywa chai tu, nikapata tofauti ya wiki mbili za umri wa mimba. Miezi ya mwisho tarehe zetu zinaweza kupishana na ukweli hata kwa wiki tatu, na ndiyo maana kila mama tunamwambia "takriban". Sasa hii 6.1 mbona haina takriban yake? Probu ukiiinamisha kidogo tu, nusu milimita imeshaingia au imeshatoka.

Usiku wa jana sikulala, nilikuwa nasoma mwongozo wa Ulaya wa 2021 wa waliosimama moyo, jinsi ya kujua nani hataamka. Unataka zipite angalau saa 72 tangu moyo urudi, dawa ya usingizi iwe imemwisha mwilini, na kama bado hajitambui, zipatikane dalili zisizopungua mbili: mboni na konea (kile kioo cha mbele ya jicho) za macho yote mawili kutoitika, umeme wa ubongo, picha ya kichwa, ile NSE ya damu, protini inayovuja seli za neva zikifa, kuzidi 60, mishtuko ya misuli ya mapema, na kadhalika. Ala ya jicho haimo. Inafanyiwa utafiti, lakini mpaka wa mtafiti huyu si mpaka wa yule. Wala ingekuwa nyembamba isingekuwa sababu ya kupiga vigelegele, maana seli zinaweza kufa bila ubongo kuvimba sana. Hapa kwetu umeme wa ubongo hatupimi, ndiyo maana huyu kijana akakimbilia kilichopo. Simlaumu. Au namlaumu kidogo, kwa kupima kabla hata siku moja haijatimia na kusema mbele ya Kaka Mkubwa.

Leo asubuhi wamemsimamishia dawa ya usingizi. Figo zake unazijua, sijui itamtoka lini. Mboni zinaitika tochi, kwa uvivu, lakini zinaitika. Wakimnyonya makohozi anakohoa. Homa hatuiachi ipite 37.7, nimeshinda namfuta kwa maji.

Na hili sijamwambia mtu. Jana Kaka Mkubwa aliponiuliza mbele ya watu wote, "Wewe waonaje?", nilinyamaza. Si kwamba sikuwa na la kusema. Niliogopa nikisema tusubiri, halafu asiamke, gharama yote itakuwa yangu. Basi kimya changu wamekihesabu kura.

Saa 72 zinatimia kesho saa kumi na moja jioni. Gari limeshaagizwa, linakuja saa nane mchana.

Huko kwenu mnawapima macho? Mnapima mara moja, au kila siku mkatazama kama inapungua? Nikimwomba kijana arudie kesho asubuhi, nitakuwa nasaidia au najiongezea namba ya kunitesa? Kwa mzee wa figo kama zake ungengoja siku ngapi baada ya dawa kusimama? Ndugu mnawaambia nini kabla ya saa 72, maneno gani hasa? Umewahi kumwona wa 6 na ushei akaamka? Na kama hujawahi, usinifiche.

Niandikie, usipige wala usitume sauti. Simu iko kwa Shangazi, na nyumba imejaa watu.

Somo yako