Mistari minne tu, Zuhura

Eldoret

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kutoka huku, ambako baridi ya asubuhi ni ile ile uliyoikimbia. Mimi ni mzima, hofu ni kwako, hasa baada ya Mwanaidi kuniambia kwamba umeapa kutogusa tena programu huria yoyote kwa kuwa wasimamizi wa ule mradi wa kwanza wamekudharau. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Nimeusoma mchango wako wote pamoja na jibu lao fupi la kukutaka uugawanye, na sioni dharau. Hitilafu uliyoigundua ni ya kweli na dawa yake umeipata, lakini dawa yenyewe ni mistari minne iliyozama ndani ya mafaili zaidi ya thelathini, kwa sababu kihariri chako kilipanga upya nafasi za mwanzo wa kila mstari, na Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ikaihesabu mistari hiyo yote kuwa imebadilika. Endesha amri ya git diff -w, ambayo huonyesha mabadiliko ikipuuza nafasi, ujionee kinachobaki. Mtu wa kujitolea, aliyefungua kompyuta usiku baada ya kazi yake ya mshahara, akikuta kurasa na kurasa za nyekundu na kijani, yaani mistari iliyoondolewa na iliyoongezwa, atajuaje pa kuanzia?

Kama moyo umeshauhama mradi ule, jaribu OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika hapa hapa Eldoret mwaka 2006. Kiini chake ni Java, ambayo unaijua kuliko mimi. Tiketi, yaani maelezo ya hitilafu au kazi inayosubiri mtu, zikiwafaa wageni huwekewa alama. Chukua moja, ujiandikishe kuwa unaishughulikia ili mwingine asiirudie, kisha fungua tawi, yaani nakala ya pembeni ya msimbo, lenye namba ya tiketi hiyo na usiingize humo jambo lingine lolote, hata ukiona kosa la tahajia linalokukera. Tuseme kisanduku cha tarehe ya kuzaliwa kinakubali tarehe ya kesho: andika kwanza jaribio, yaani msimbo mfupi wa kupima, linaloshindwa kwa sababu hiyo, rekebisha msimbo mpaka lipite, halafu endesha majaribio yote ya mradi. Katika maelezo ya ombi la kuunganisha, yaani lile la kuwataka wasimamizi wapokee mabadiliko yako, eleza tatizo lilikuwa nini na umehakikishaje kwamba limekwisha. Wakikutaka ubadilishe kitu, badilisha katika tawi lile lile badala ya kufungua ombi jipya, kwani mazungumzo yote yamo humo. Wakikawia, wakumbushe kwa adabu, lakini usiwakumbushe kila asubuhi kama mdai wa kodi ya nyumba.

Utacheka ukijua kwamba daraja la chini kabisa la waandaaji programu wao linaitwa /dev/null, lile shimo la Linux ambalo kila kinachotupwa humo hupotea. Angalau wanajua mgeni anavyojisikia.

Hata hivyo sijaisahau mistari yako minne. Ningependa, kabla ya kwenda kokote, uitume peke yake kule kule ulikokasirikia, kwa sababu wanaotumia programu ile bado wanaumia kwa hitilafu ambayo wewe umeshaitibu.

Je, tawi lile bado unalo, au ulilifuta kwa hasira? Umeshazima ule upangaji wa nafasi katika kihariri? Na binamu yako muuguzi, bado analalamikia Kiswahili cha kwenye kompyuta za wodini? Mwambie kwamba tafsiri za OpenMRS hufanywa na watu wa kujitolea kupitia Transifex, tovuti ya kutafsiria programu, na kazi hiyo haihitaji kujua msimbo hata kidogo. Au unaona hatakuwa na nafasi, kwa zamu zake zile? Halafu hili la kuhamia Tanga ni kweli, au ni Mwanaidi tu?

Wako,
Kiprono