Barua kwa mwanangu: paa wa nyuma ya nyumba

Småland, kusini mwa Uswidi, mwisho wa Aprili

Mwanangu mpenzi,

Hujambo, mama? Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu sana na anauliza kama unakula. Juzi uliponipigia ukilia nilishindwa kukujibu, maneno yakanikauka mdomoni. Leo mvua imetukalisha nyumbani, basi naandika.

Umeiona picha: msitu wa nyuma ya nyumba umekatwa, visiki vitupu mpaka kwenye barabara ya kokoto. Swali lako lilikuwa moja tu, rådjur wetu, wale wanyama wa msitu wa huku, watakwenda wapi? Mimi mnyama huyo nimemwita paa tangu siku ya kwanza, kwa vile umbo lake lilinikumbusha paa wa Usambara niliowaona utotoni. Si ndugu, najua. Dume wa huku pembe zake zina matawi, huanguka kila vuli na kuota upya wakati wa baridi.

Hawajaenda mbali, mwanangu. Mwezi wa pili mashine zilipokuwa zikiunguruma mchana walijificha. Usiku zikizimwa walikuja kutafuna ncha za matawi ya miti iliyoangushwa, na asubuhi theluji ilikuwa imejaa alama za kwato zao. Jana alfajiri niliwaona watatu ukingoni, majike wawili na dume kijana. Dume amekwisha kung'arisha pembe zake. Nimeukuta mche wa björk aliousugulia, gome limechunika linaning'inia kama utepe.

Hofu yako naijua ilikotoka. Umeirithi kwangu. Nimekusimulia mara nyingi kwamba kwetu Lushoto mlima ukishanyolewa, mvua za masika hushusha udongo bondeni, na kinachofuata ni mahindi, msitu haurudi. Huku hali ni tofauti. Tangu 1903 sheria ya Uswidi inamlazimu anayekata kuhakikisha msitu unarudi, na kupanda huko ndiyo kazi iliyokulisha wewe.

Januari 2005 dhoruba ya Gudrun iliangusha kusini mwa nchi hii miti ya meta za ujazo milioni 75 hivi. Mimi nilifika mwaka uliofuata, nikapewa bomba la kupandia na mfuko wa miche ya gran, mti wa majani kama sindano. Pale ulipokuwa ukipaita "porini kwa baba" nilipapanda mwaka uliozaliwa. Wewe na msitu ule ni marika.

Ulipoanza kutembea palikuwa na jua tupu na visiki. Mbegu za hallon, vile vichaka vya matunda mekundu, hulala ardhini miaka mingi zikingoja mwanga, na mwanga ulipofika ziliamka. Mjölke, ua la porini, nayo ikachanua zambarau, ikakupita urefu. Paa walisimama humo wakizama mpaka tumboni. Unakumbuka nilivyokupigisha magoti mbele ya mche ulioliwa ncha? Nilikuonyesha miwili. Mmoja ulikuwa umekatwa mshazari, safi kama kwa wembe: huyo sungura. Wa pili ulikuwa umechanika, nyuzi zimebaki zimesimama. Paa ni kama mbuzi, hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo hubana na kuvuta. Ukakipapasa kile kijiti kwa kidole ukasema, "Kinachoma."

Na kama mbuzi, anachagua. Tumbo lake ni dogo, halimudu nyasi kavu ambazo ng'ombe angeshibia. Anataka chipukizi, ua, jani laini. Anakula kidogo, analala kucheua, anaamka tena, hivyo mara nyingi usiku na mchana. Sasa mfikirie jike. Hupandwa Julai au Agosti, lakini mimba hulala bila kukua mpaka karibu na mwaka mpya, ndipo iamke, na watoto, mara nyingi wawili, huzaliwa Mei au Juni. Mwilini hana akiba kubwa ya mafuta ya kunyonyeshea. Anachokula leo ndicho maziwa ya leo. Ndiyo maana mahali palipokatwa miaka michache iliyopita, penye majani mapya, pana thamani kubwa kwake mwezi wa sita.

Halafu msitu ulikua. Ulipokuwa na miaka 10 matawi yalikuwa yamegusana, maficho mazuri, lakini hallon zilikuwa zinakufa. Ulipofika 15 tulipita humo tukakuta sindano kavu na kuvu na giza, ukaniuliza mbona hatuwaoni tena. Hakuna aliyekata hata mti mmoja pale. Walihama kwa sababu ardhi haikuwa na kitu cha kula. Jibu hilo sikukupa siku ile kwa sababu sikuwa nimelielewa vizuri mwenyewe.

Usinielewe vibaya, sisemi kukata ni heri. Msitu mkubwa tuliopoteza ulikuwa na vichaka vya blåbär, vya matunda madogo ya buluu, ambavyo paa hukwangua majira ya baridi, na vichaka hivyo hudhoofika jua kali likivipiga ghafla. Chini ya gran kubwa theluji huwa haba, na paa mwenye miguu myembamba hupata taabu theluji ikipita goti lake. Anahitaji vyote viwili, mahali pa kula na mahali pa kujisitiri, tena jirani. Wahenga walisema mbuzi hula urefu wa kamba yake. Kamba ya paa ni ukingo wa msitu. Ukikata eneo kubwa mno, katikati patachanua na yeye hatafika huko kwa raha. Kwetu hapa tuna bahati, pande mbili miti imebaki imesimama.

Kuna jambo linaniuma nami nitakuambia. Zamani nilitumwa na mwenye msitu mmoja kufyeka kwa msumeno kila mti wa majani mapana ili gran zibaki peke yake. Nilifyeka. Nilikata rönn nyingi zenye urefu wa mtu, miti ambayo paa huipenda kuliko karibu yote. Watu wa misitu huku wana neno RASE, herufi za kwanza za rönn, asp, sälg na ek, miti minne inayotafunwa mpaka ishindwe kurefuka. Hasara ya mwenye shamba ni ya kweli, mche ulioliwa ncha unachelewa na kupinda. Lakini tukiifyeka nasi, wanyama wanabanana kwenye michache iliyosalia, nayo inakwisha kabisa. Siku hizi nikishika msumeno nauliza kwanza ipi ibaki, na nisipoulizwa naiacha.

Jumatatu naanza kupanda pale nyuma. Mwenye msitu amekubali nisiguse zile rönn tatu karibu na jiwe kubwa ulilokuwa ukipanda. Njoo Juni ukimaliza mitihani. Ukikuta kitoto cha madoa meupe kimelala kwenye majani, masikio yamebanwa mgongoni, usikishike, hakijatupwa. Mama yake yuko karibu anakula, atarudi kukinyonyesha. Na uje na buti ndefu, kupe mwaka huu wameanza mapema.

Ni mimi,
Baba yako