Shukrani kwa uliyetusahihishia habari za benki ya Owatonna

Ahsante sana, wewe usiyetaka kutajwa jina, kwa kutusahihishia maelezo ya benki ya Owatonna, Minnesota, Marekani, iliyosanifiwa na Louis Sullivan na kukamilika 1908. Kweli, mapambo mengi ni kazi ya mkono wa George Elmslie, msaidizi wa Sullivan. Kumsahau ni aibu yetu. Benki ilifilisika 1926, jengo likabaki.

Lakini zaidi tunakushukuru kwa maelezo ya mapambo ya udongo wa kuchoma. Maji yakipenya kwenye viungo kati ya vipande, vyuma vinavyoshikilia mapambo kwa nyuma hushika kutu, kutu ikavimba na kuyapasua. Ukiziba viungo kwa saruji ngumu, umeyafungia maji ndani. Tumia chokaa, na viungo vikwanguliwe kwa mkono. Mashine hula kingo za vipande.